Dinari Mbili na Ahadi

Mahubiri. Masomo: Luka 10:25-37 na Yakobo 5:1-6



Mfano wa Msamaria mwema twaujua tangu utoto. Tangu zamani kanisa letu limeusoma katika Jumapili ya kumi na tatu baada ya Utatu, na hata mtoto wa shule ya Jumapili aweza kuueleza: wanyang'anyi, kuhani, Mlawi, Msamaria na mnyama wake. Walakini yumo mtu mmoja katika mfano huu ambaye mara nyingi sisi wahubiri twampita, kama Mlawi alivyompita yule majeruhi. Mtu huyo ni mwenye nyumba ya wageni.

Fikirini kidogo. Msamaria alikaa na mgonjwa usiku mmoja tu. Kesho yake alikuwa na safari, akaondoka. Je! siku zilizofuata ni nani aliyebadili vitambaa vya vidonda? Ni nani aliyeamka usiku wa manane homa ilipopanda? Ni nani aliyefua nguo zenye damu, akamlisha uji kijiko kwa kijiko? Ni yule mwenye nyumba. Msamaria aliianza kazi ya huruma, mwenye nyumba akaimaliza. Wala Bwana wetu hakuona haya kutuambia kwamba mtu huyo alilipwa. Msamaria alimpa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili. Kisha akamwahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi, ataimaliza atakapopita tena.

Hakumwambia, "Wewe una moyo mwema, basi fanya kazi hii kwa upendo tu, na thawabu yako itakuwa mbinguni." Alijua ya kuwa mafuta hununuliwa, na vitambaa hununuliwa, na mwenye nyumba naye ana watoto. Huruma ya Msamaria ilikuwa na mfuko. Neno hili, ndugu zangu, ndilo nitakalo tulitafakari, kwa sababu ya jambo lililowahuzunisha wengi katika nchi zetu, nalo ni mgomo wa waganga wa hospitali na wauguzi.

Njia yetu ya Yeriko

Sisi tukaao Tunduma twaifahamu njia ya Yeriko. Mji wetu uko mpakani. Ng'ambo ni Nakonde, nchi ya Zambia. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo husimama hapa kwa safu ndefu, na reli ya TAZARA yapita papa hapa. Nyumba za wageni ni nyingi. Kila juma hulala kwetu watu wasio na ndugu hata mmoja katika Mkoa wote wa Songwe: madereva, wachuuzi, vijana watafutao kazi. Mtu wa namna hii akishikwa na homa, au akiumia barabarani, hana mama wala shangazi wa kumkanda kwa maji ya moto. Ana zahanati, ana kituo cha afya, ana muuguzi wa zamu. Muuguzi huyo ndiye mwenye nyumba ya wageni wa siku hizi. Tukimkosa yeye, majeruhi hubaki njiani.

Mwaka 2012 tulimkosa. Wakati ule Songwe ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya, maana mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2016. Na mgonjwa aliyeshindikana Tunduma au Vwawa alipelekwa Mbeya, mwendo wa kilomita mia moja hivi. Mgomo ulianza mwezi wa Januari katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kwa habari ya madaktari vijana walio katika mwaka wao wa mazoezi, ambao posho zao zilikuwa zimecheleweshwa. Ukaenea. Tarehe 9 Februari Waziri Mkuu, Bwana Mizengo Pinda, alikutana nao, na kazi ikarudi. Mwezi wa Machi wakagoma tena siku chache, wakaonana na Rais Jakaya Kikwete. Tarehe 23 Juni wakagoma mara ya tatu, na mgomo huo ukafika katika hospitali za mikoani, Mbeya ikiwa mojawapo.

Waliomba mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5 kwa mwezi, na nyumba, na posho za kazi ya hatari. Tena waliomba dawa na vifaa, maana mganga asiye na glavu wala dawa ni kama mvuvi aliyetumwa ziwani bila wavu. Rais akalihutubia taifa, akasema Serikali haina uwezo wa kulipa kiasi hicho. Mahakama nayo ilikuwa imekwisha kuuzuia mgomo. Mwisho wake mamia ya madaktari wa mazoezi wakaondolewa hospitalini.

Katikati ya mambo hayo, usiku wa tarehe 26 Juni, kiongozi wao, Daktari Stephen Ulimboka, alitekwa na watu huko Dar es Salaam. Kesho yake akakutwa katika msitu wa Mabwepande, nje ya mji, amepigwa vibaya sana, yu karibu na kufa. Ndugu, linganisheni jambo hili na Injili yetu. Mganga mwenyewe alikuwa ndiye yule mtu aliyeachwa kando ya njia. Akachukuliwa mpaka Muhimbili, na wenzake waliokuwa wameweka vifaa chini wakaviokota kwa ajili yake. Sisemi haya kwa kuwalaumu. Nayasema kwa sababu yaonyesha ya kwamba mkono wa mganga haukuwa umesahau kazi yake, wala moyo wake haukuwa umekufa. Wenzake walipouona uso wanaoujua, hawakuweza kukaa. Lakini kila alalaye mkekani ana uso, na yuko mtu mahali fulani aujuaye.

Niliyoyaona mwenyewe

Siku zile mzee mmoja wa usharika wetu alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe, wakati wa kuingiza mahindi ghalani, akavunjika paja. Nalifuatana na mwanawe kumpeleka katika hospitali kubwa, ambayo sitaitaja. Tulimlaza kwenye godoro sakafuni, maana vitanda vilikuwa vimejaa. Siku nane zilipita, naye hajapasuliwa. Katika wodi ile alikuwako muuguzi mmoja tu, mama mtu mzima, akienda huku na huku tangu asubuhi hata usiku, miguu imemvimba. Alikuwa akimjibu kila mgonjwa kwa neno lile lile: "Nimekusikia, baba. Nimekusikia, mama. Nakuja."

Siku ya tano nilitoka nje kupunga hewa pamoja na yule mwana wa mzee. Chini ya mti alikuwa ameketi kijana aliyevaa nguo za nyumbani. Watu walituambia kwamba ni daktari. Mwana wa mzee akamwendea, akasema kwa uchungu, "Daktari, baba yangu alikukosea nini?"

Kijana alitazama chini muda mrefu. Kisha akajibu, "Hakunikosea, kaka. Hakunikosea hata kidogo." Alitueleza ya kuwa kwa miezi mitatu hajapata posho yake; kwamba analala sakafuni kwa rafiki; kwamba usiku mmoja alimzalisha mama mikono mitupu, kwa kuwa glavu zilikuwa zimekwisha, na baadaye akakaa majuma mengi kwa hofu akingoja kupimwa damu. Alipoona kwamba mimi ni mchungaji, akaniambia neno ambalo sijaweza kulisahau. "Mchungaji," alisema, "kila Jumapili mnatuombea sisi tuwe na huruma. Ni Jumapili gani mliyowaombea wanaotulipa wawe na haki?"

Sikuwa na jibu. Nalirudi wodini nimeinama. Mzee akaniuliza, "Je! mmemwona daktari?" Nikamweleza yote, hata habari ya posho na ya sakafu. Akanyamaza kwa maumivu yake, nikadhani amekasirika. Hatimaye akasema, "Na yule kijana, leo amekula?"

Mzee huyo alipasuliwa baadaye, akapona, lakini mguu mmoja ukawa mfupi. Alikuja kanisani kwa fimbo mpaka Bwana alipomwita. Kila niliposikia fimbo yake ikigonga sakafu ya kanisa, nalikumbuka vilio viwili: kilio cha alalaye mkekani, na kilio cha aliyenyimwa ujira. Vyote viwili humfikia Mungu, wala hakisikii kimoja na kukiacha kingine. Sisi wanadamu ndio tuchaguao kimoja. Basi na tusikie neno la Mungu kwa upande wa kila mmoja wetu.

La kwanza: kwa anayelipa

Yakobo katika sura yake ya tano anawaonya matajiri waliowazuilia ujira watu waliovuna mashamba yao. Ajabu ya neno lake ni hii: hasemi tu kwamba wavunaji walilia, asema kwamba ujira wenyewe unalia. Fedha iliyopaswa kutoka na haikutoka ina sauti, na sauti hiyo yafika masikioni mwa Bwana wa majeshi kabla mtu hajaandika barua wala hajashika bango.

Katekisimo Ndogo yatufundisha katika amri ya saba ya kwamba wizi si kuvunja mlango wa mtu tu. Mungu atutaka tumsaidie jirani apate riziki yake na kuihifadhi. Basi aliyekaa na mshahara wa mwenzake pasipo sababu ya haki, ingawa hakuutia mfukoni mwake, amevunja amri ya saba.

Wazee wetu husema, ahadi ni deni. Mwezi wa Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi ya kwamba kila nchi itatenga asilimia 15 ya bajeti yake kwa ajili ya afya. Tangu siku ile hata leo ni nchi chache mno zilizotimiza neno hilo. Ni kana kwamba Msamaria alimwambia mwenye nyumba, "Nikirudi nitakulipa," kisha akatafuta njia nyingine ya kurudia kwao.

Tazameni yaliyotokea kwa jirani zetu. Mwaka 2013 wauguzi wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu, waligoma kwa ajili ya mishahara, na wengi wakaachishwa kazi. Mwaka huo huo, nchini Kenya, mapatano ya mishahara na hali ya kazi yalitiwa sahihi kati ya Serikali na chama cha madaktari, lakini hayakutekelezwa. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa Kenya wakagoma, wasirudi hata tarehe 14 Machi 2017, siku mia. Mwezi wa Februari viongozi wao walitiwa gerezani, na wagonjwa maskini, wasio na fedha za hospitali za binafsi, walitaabika mno. Mgomo ule wa siku mia ulizaliwa na karatasi iliyokaa miaka mitatu bila kutimizwa.

Mwezi wa Machi 2017 Serikali yetu ilikubali kuwapelekea Wakenya waganga 500. Jambo hilo likafika mahakamani huko Kenya, likazuiwa. Ndipo Rais Magufuli akaagiza waganga 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe hapa nyumbani. Twaona basi ya kuwa nchi moja yaweza kuwa na waganga wasio na kazi, huku zahanati zake vijijini hazina mganga. Tena twaona ya kuwa nafasi ikitafutwa kwa moyo, hupatikana.

Wala si haki kusema kwamba mfuko wa Serikali hauna mwisho. Mwalimu naye angoja, barabara nayo yangoja, na kisima cha kijiji kadhalika. Lakini Msamaria naye hakuwa na hazina isiyo na mwisho. Alitoa alichokuwa nacho, akasema kweli juu ya kilichobaki. Mfanyakazi huvumilia uchache. Asichoweza kuvumilia ni kudanganywa. Enyi wenye mamlaka mnaosoma gazeti hili, ikiwa fedha ni chache, waiteni mapema, waonyesheni vitabu vya hesabu, tajeni tarehe, na tarehe hiyo itimizeni. Mkifanya hivyo, mtakuwa mmezuia mgomo kabla haujaanza.

La pili: kwa mganga na muuguzi

Nawageukia ninyi mvaao mavazi meupe, na nasema nanyi kwa heshima, maana ninyi ndio mliompokea majeruhi tuliyewaletea sisi.

Wako watu wawaambiao, "Kazi yenu ni wito," kila mdaipo haki yenu. Neno ni la kweli, lakini wamelifanya kuwa fimbo. Mkulima naye ana wito, na hakuna amwambiaye agawe kahawa yake bure. Wito ni kazi ambayo Mungu mwenyewe aifanya kwa mikono ya mwanadamu, kwa hiyo mikono hiyo yafaa iheshimiwe na kulishwa. Kudai ujira si dhambi.

Walakini amri ya tano nayo ipo. Katekisimo yasema ya kwamba hatuishiki amri hiyo kwa kuacha kuua tu, bali kwa kumsaidia jirani katika kila haja ya mwili wake. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Luther hakukimbia. Mkewe Katharina alikuwa mja mzito, na nyumba yao ikawa kama hospitali. Katika waraka aliomwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau alifundisha mambo mawili ambayo hupaswa kusomwa pamoja. Alisema kwamba watu wenye kazi zinazobeba maisha ya wengine, na waganga wa mji wamo, wasiondoke pasipo kuacha mtu afaaye wa kushika mahali pao. Tena alisema ya kuwa ni vema watawala wawe na nyumba za kuwatunzia wagonjwa, zenye watumishi wa kutosha, ili mzigo wote usimlemee mtu mmoja mmoja. Jambo la kwanza tunalipenda tunapotaka kuwakemea waganga. La pili twalisahau. Luther aliyaandika yote mawili katika waraka mmoja.

Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2004 yazihesabu huduma za afya kuwa huduma za lazima, na katika hizo mgomo umekatazwa. Mashauri yake yaamuliwe na wasuluhishi. Lakini sheria inayomfunga mtu mikono yapaswa kumfungulia masikio. Ukimkataza mganga kugoma, umejifunga wewe kumsikiliza upesi kuliko wengine wote.

Turudi kwa mwenye nyumba ya wageni. Tuseme siku zimepita, dinari mbili zimekwisha, na Msamaria harudi. Je! afanyeje? Aweza kumtumia mjumbe. Aweza kumshitaki mbele ya wazee wa mji. Aweza kusimama njia panda na kumwambia kila apitaye jinsi alivyotendwa, na hakuna dhambi katika hayo. Neno moja tu hawezi kulifanya: hawezi kumbeba yule majeruhi na kumrudisha mahali pale alipookotwa. Majeruhi siye mdaiwa. Hakuiweka ahadi yeye. Yeye ndiye aliyewekewa.

Huu ndio mpaka, ndugu zangu. Kudai ni haki. Kumrudisha majeruhi njiani si haki. Mama aliyeshikwa na uchungu, mtoto mwenye degedege, aliyegongwa barabarani, na yule ambaye tayari amelala katika wodi yako, hao wasiachwe hata siku moja. Mkiwalinda hao, madai yenu yatakuwa na nguvu mara mbili, maana kila mwenye macho ataona ya kuwa hamkuupigania mfuko wenu peke yake. Mkiwaacha, yeye aliyewazuilia ujira atapata pa kujificha, atasema, "Tazameni, hawana huruma," na deni lake litasahauliwa.

Wala msidhani kwamba nayasema haya kwa wepesi. Yule mama wa wodini, aliyekuwa akisema "Nimekusikia" siku nzima, naye alikuwa akidai. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe. Nilipomwuliza kwa nini amebaki, alijibu, "Mchungaji, nimebaki kwa sababu wako hapa." Hakuwatukana wenzake waliotoka, wala hakujisifu. Akaomba tu nimsaidie kumgeuza mgonjwa.

La tatu: kwa sisi sote

Kuhani na Mlawi walikuwa watu wa ibada. Kwa hiyo sehemu hii ya mfano yatuhusu sisi tulio kanisani. Twapita upande wa pili wa njia kwa namna nyingi. Twapita tunapomtukana muuguzi wa zahanati kwa kukosa dawa ambazo si yeye aliyezizuia. Twapita tunaposikia kwamba wahudumu hawajalipwa, tukasema, "Hilo ni lao na Serikali." Twapita tunapoikumbuka zahanati siku ile tu mtoto wetu akiungua homa.

Tena yatupasa kuungama jambo zito zaidi. Kanisa nalo ni mwajiri. Tuna hospitali na zahanati, na wako wengi waliopona humo kwa neema ya Mungu. Hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya shirika lililopewa jina la Msamaria Mwema. Jina hilo ni utukufu, tena ni deni kwetu sote tulitumiao. Je! kila afanyaye kazi chini ya msalaba hupata ujira wake kwa wakati? Sitaji mahali wala mtu. Kila baraza la usharika lijichunguze, likianza na mwinjilisti wake, na mlinzi wake, na mama afagiaye kanisa. Hatuwezi kumhubiria mwenye mamlaka juu ya Yakobo sura ya tano, huku mlinzi wetu akikopa unga dukani kwa sababu yetu.

Basi tufanyeje? Nawapa mambo manne, yaliyo karibu na mikono yetu.

Katika maombi ya Jumapili, tukiwaombea waganga na wauguzi wapewe huruma, tuwaombee pia wenye kuwalipa wapewe haki. Maombi yetu yasiwe na mguu mmoja mfupi.

Wazee wa usharika waende kwenye zahanati iliyo karibu nao, wakamwulize muuguzi: Je! nyumba yako ina maji? Je! usiku una taa? Umepata mshahara wa mwezi uliopita? Vijiji vingi vimejenga nyumba ya mganga kwa matofali na nguvu zao. Kazi hiyo ni kuongeza juu ya zile dinari mbili.

Katika viti vyetu wameketi madiwani na watumishi wa halmashauri. Wasisubiri mgomo ndipo wasikie. Na waulize katika vikao vyao kwa adabu na bila kuchoka: waliofanya kazi mwezi huu wamelipwa? Posho za zamu ziko wapi? Swali moja liulizwalo mapema laweza kuokoa wengi.

Na siku mbaya ikija, nasi tukasikia kwamba kazi imesimama, tusibaki nyumbani tukilaumu. Wenye nguvu waende hospitalini wakawe ndugu kwa wasio na ndugu: kuteka maji, kupika uji, kumgeuza mgonjwa, kumwandama yule mama mmoja aliyebaki. Hatuwezi kuwa waganga. Lakini katika mfano huu yuko pia yule mnyama aliyembeba majeruhi mgongoni, na kazi yake Bwana hakuidharau.

Mwisho, ndugu wapenzi, mababa wa kanisa waliusoma mfano huu, wakaona ndani yake sura ya Kristo mwenyewe. Yeye ndiye aliyetuokota, akatuweka katika nyumba yake, akaahidi kurudi. Wasamaria wa dunia hii husahau ahadi zao; huyu hasahau. Siku atakaporudi, atafungua kitabu cha kila nyumba ya wageni. Atamwuliza mwenye nyumba, "Yule niliyekukabidhi yu wapi?" Na atamwuliza mwenye kushika mfuko, "Zile dinari nilizokupa umlipe mtumishi wangu ziko wapi?" Heri muuguzi atakayeweza kuonyesha mgonjwa wake. Heri mtawala atakayeweza kuonyesha hati ya malipo. Na kilichozidi, kile ambacho hakuna serikali wala kanisa lililoweza kukilipa, zile saa za usiku wa manane na ile miguu iliyovimba, Bwana mwenyewe atakilipa kwa mkono wake.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewagusa wenye ukoma na kuwalisha wenye njaa, usikie vilio vyote viwili. Uwakumbuke walalao sakafuni wakingoja kupasuliwa, na uwakumbuke wale wanaofanya kazi mikono mitupu. Uwape wakuu wetu masikio ya kusikia mapema, na uaminifu wa kutimiza walichoahidi. Uwape waganga wetu subira isiyo ya kitumwa, na ujasiri usiomsahau mgonjwa. Nasi usituache tupite upande wa pili wa njia. Amina.